Muhali Hauokoi: Yanayosemwa Kuhusu Wapokea Simu za Waliokata Tamaa

Kila nikisema barazani kwamba vijana wa kawaida wanaweza kufunzwa kupokea simu ya mtu anayetaka kujiua, nakatizwa.

"Hiyo kazi ya madaktari."
Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alifungua simu kama hiyo London, akitarajia watu watake ushauri wake. Waliojitolea kuwapa chai waliokuwa wakimsubiri ndio waliojikuta wanawasikiliza, na wengi chai ikiisha hawakuwa na haja tena ya kumwona yeye. 1954 akawaachia kazi. Sisi watu wa kahawa na baraza tungeshangaa nini? Ila mafunzo ni lazima, na msimamizi wa kumkimbilia awepo zamu nzima.

"Ukimuuliza kama anataka kujiua, unamtia wazo."
Hapa ndipo tunapokwama, na kwetu jina lake ni muhali, ile haya ya kumwambia mtu jambo waziwazi. Hujambo? Sijambo. Watoto? Wazima. Tunazunguka hivyo mpaka salio linakwisha. Utafiti wa miaka mingi haukuona kuwa swali la wazi linaongeza hatari. Aghlabu mtu hupumua kwa kuwa hatimaye kaulizwa. Kwa hiyo mpokea simu hufunzwa kulitamka neno lenyewe, "Unafikiria kujiua?", asilipake asali kwa kusema "jambo baya". Kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Kimya ndicho kigumu zaidi. Ulimi wetu umezoea kukijaza kwa "inshallah yatapita". Jibu likiwa ndiyo, aulize kama amepanga, na kama alichokusudia kukitumia kiko karibu. Kikichukuliwa usiku ule na jirani au ndugu akakiweka mbali, maisha huweza kuokoka, maana wimbi kali mara nyingi hupita.

"Mkumbushe kuwa ni dhambi."
Anajua. Kasoma chuoni tangu utotoni. Akihubiriwa dakika ya kwanza, atakata simu. Lakini akiitaja imani mwenyewe kuwa ndiyo inayomzuia, hapo mfuate, mwache aieleze.

"Kisiwa kidogo hiki, sauti itajulikana."
Hofu ya kweli, Chake Chake na Makunduchi pia. Anayeitambua sauti amkabidhi mwenzake, na alichosikia hakifiki kwake nyumbani. Katika vituo vingi siri ina mpaka: uhai ukiwa hatarini saa ile ile, msimamizi huambiwa, na mpigaji hujulishwa.

"Kumwambia aende Kidongo Chekundu ni kumtukana."
Tusi tumelitia sisi kwenye jina la hospitali hiyo ya maradhi ya akili ya Zanzibar. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ina dawa, na ina tiba ya mazungumzo.

"Mwenye huruma hasa hupokea simu usiku kucha."
Huyo hafiki mwezi. Baada ya simu nzito mtu hukaa na msimamizi akaitua, kisha huenda kwake akala na akalala. Anayewapa wapigaji namba yake binafsi kwa kuwaonea imani ndiye wa mwanzo kupumzishwa.