Uvimbe wa Kichwa kwa Mtoto Mchanga Baada ya Uchungu wa Muda Mrefu

Mara nyingi swali hili huanzia kwa bibi wa mtoto. Mama amechoka, pengine amekesha na uchungu baada ya kusafirishwa kwa boti kutoka kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika. Bibi ndiye anayefunua kanga, anapitisha kiganja juu ya kichwa cha mjukuu na kukuta kimerefuka kwa nyuma, na juu yake pana uvimbe laini kama unga wa maandazi uliokandwa. "Nesi, huyu mtoto mmemwangusha?" Sisi tunaofanya kazi katika wodi za wazazi hapa Kigoma tumezoea kuulizwa hivyo, na lawama kidogo ni yetu, kwa kuwa jambo hili lilipaswa kuelezwa kabla kanga haijafunuliwa.

Mtoto hakuangushwa. Mifupa ya fuvu lake bado haijaungana, na anapopita katika njia ya uzazi mifupa hiyo hupandana kidogo ili kichwa kipate nafasi. Umbo hurejea lenyewe kati ya siku chache na wiki moja. Uvimbe nao hutokea kwa sababu, baada ya chupa kupasuka, mlango wa kizazi hukizunguka kichwa na kukibana kama pete kwa saa nyingi, hivyo majimaji ya mwili hujikusanya chini ya ngozi ya sehemu iliyotangulia. Ukiugusa kwa kidole, hubaki alama ya kubonyea. Mipaka yake haieleweki, huweza kuvuka kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, na ngozi yake huweza kuwa na wekundu au weusi wa michubuko. Mtoto huzaliwa nao, huanza kupungua siku hiyo hiyo, na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili tatu bila dawa yoyote.

Upo uvimbe wa pili unaowachanganya wazazi zaidi, kwa sababu mtoto anapozaliwa huenda usionekane kabisa. Hujitokeza baada ya saa kadhaa au siku ya pili, wakati mwingine mama akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Hiyo ni damu iliyovujia kati ya mfupa na utando unaoufunika. Na kwa kuwa utando huo umeshikamana na kingo za mfupa, damu haiwezi kuvuka kwenda mfupa wa jirani, ndiyo maana uvimbe hukaa upande mmoja, mara nyingi juu na nyuma ya sikio, ukiwa na mpaka unaoweza kuufuata kwa kidole. Huwapata takriban watoto 1 hadi 2 katika kila 100, zaidi wale waliosaidiwa kutoka kwa vakyumu, yaani kikombe kinachonata kichwani ili kumvuta mtoto. Huu hauna haraka: huchukua wiki mbili hadi miezi mitatu kuisha. Unapopona, kingo hukakamaa kwanza huku katikati pakiwa laini, hata mtu akipapasa hudhani fuvu limebonyea. Mpelekeni mtoto akaangaliwe, lakini msishangae mkiambiwa kwamba hiyo ni dalili ya kupona.

Katika nyumba nyingi, hapo ndipo mafuta ya mawese ya vuguvugu huletwa ili kichwa kikandwe na "kuwekwa sawa". Nia ni njema, lakini kukanda hakuirudishi damu ilikotoka, na kunaweza kuumiza zaidi. Kuchanja au kutoboa kwa sindano ni kubaya kuliko kukanda, kwani damu iliyotulia chini ya ngozi nzima haina vijidudu, ila tundu dogo tu huvifungulia njia. Mwogesheni kama kawaida, kwa mkono mwepesi.

Damu hiyo inapovunjwavunjwa na mwili hutoa rangi ya manjano, kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe wa aina ya pili aangaliwe ngozi na macho kila siku katika mwanga wa mchana. Manjano inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au iliyofika viganjani na nyayoni, si ya kusubiri, wala kumwanika mtoto juani si tiba yake.

Uvimbe wa tatu ni nadra, nao ni wa hatari. Damu huvujia katika nafasi pana iliyo chini ya ngozi ya kichwa, isiyo na kizuizi cha mifupa. Uvimbe hukua kila saa, hucheza kama maji ndani ya mfuko, hushuka hadi kisogoni au kuyasukuma masikio mbele. Mtoto wa kilo 3 ana damu isiyozidi sana mililita 240 mwilini mwote, na nafasi hiyo inaweza kumeza kiasi kikubwa cha damu hiyo kabla ngozi haijaonyesha jeraha lolote. Akipauka, akipumua kwa kasi, akilegea, akikataa ziwa au akipata degedege, aondoke saa hiyo hiyo kwenda kituo cha afya au hospitali, iwe ni usiku au mchana. Afungwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ili asipoteze joto njiani. Mchukue kadi ya kliniki, na mwelezeni mhudumu mambo matatu: uvimbe ulionekana saa ngapi, umeongezeka kiasi gani, na kama mtoto alichomwa sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda, alipozaliwa.