Machozi ya Mgombea: Kujiandaa si Kujifanya

Juma lililopita nilikuwa mbele ya kundi la waandishi wa habari waliokuja kujifunza namna ya kuripoti hotuba za kampeni. Niliwaonyesha video ya mgombea ambaye, akiwa katikati ya hotuba, ananyamaza, anatazama chini, anameza mate, kisha anaendelea kwa sauti inayotetemeka. Kabla video haijafika mwisho, mmoja wao akasema, "Huyo anaigiza. Hapo aliponyamaza pamepangwa," na wenzake wakaafiki. Nimefundisha watu kuzungumza hadharani kwa miaka mingi, wakiwamo wagombea wa vyama vinavyopingana, na maneno hayo nimeyasikia kwa wapiga kura, kwa wahariri, hata kwa wagombea wenyewe wanaponijia wakiogopa kuonekana wanafiki. Sentensi mbili ninazojibu ukumbini hazijawahi kumridhisha mtu, kwa hiyo nimeamua kuyajibu kwa maandishi.

"Kama alifanya mazoezi, basi anajifanya"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu imejengwa juu ya kipimo ambacho hakuna anayekitumia mahali pengine maishani. Mtu anayeandika maneno ya kumuaga mzazi wake huyaandika usiku kucha, huyafuta, huyarudia, na pengine huyasoma kwanza mbele ya ndugu zake ili asikwame. Siku ya mazishi akilia katikati ya kuyasoma, hakuna anayethubutu kusema kwamba kilio chake ni cha uongo kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi. Maandalizi hupanga maneno, mfuatano wa habari na mahali pa kuvuta pumzi. Hayawezi kupanga moyo utafanya nini maneno yale yatakapotamkwa mbele ya maelfu ya watu.

Niliwahi kumwandaa mgombea ambaye hotuba yake ilikuwa na aya moja kuhusu mdogo wake aliyefariki wakiwa njiani kumpeleka hospitali. Ndani ya aya hiyo kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, ambacho yeye alijikuta amekishika baadaye bila kukumbuka alikiokota saa ngapi. Tulipofanya mazoezi mara ya kwanza aliisoma aya ile kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mara ya nne alifika kwenye neno "kiatu" sauti ikakatika. Akaniomba tuliondoe neno hilo. Badala ya kuliondoa, nilichora kwa penseli mstari mdogo kabla yake, ishara ya kunyamaza kwa muda wa pumzi mbili, kwa sababu pumzi ndefu inayoshuka mpaka tumboni hulegeza koo na kumwezesha msemaji kupita mahali pagumu bila kulia. Katika mikutano mingi alipita salama. Siku moja hakuweza, akalia. Kesho yake gazeti moja liliandika kwamba kilio kile kilikuwa cha kupanga, na ushahidi uliotolewa ulikuwa kwamba katika mikutano iliyotangulia alinyamaza mahali palepale. Kunyamaza kulikuwa kumepangwa kweli. Nilikupanga mimi mwenyewe, na shabaha yake ilikuwa asilie.

Wanaoliona jambo hili kuwa ujanja wa siasa za runinga wangepaswa kujua umri wake. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha aliyeishi Roma katika karne ya 1, alifundisha kwamba anayetaka kuwagusa wasikilizaji hana budi kuguswa yeye kwanza, na akaeleza njia yenyewe: msemaji alichore tukio akilini, amwone muuaji anavyochomoza, amwone mhanga anavyotetemeka, aione damu, mpaka hisia imjie. Alikiri kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa akitetea watu mahakamani, mara nyingi alitokwa na machozi na uso ukampauka. Kabla yake, Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alikuwa amemsimulia wakili Marcus Antonius, babu wa yule Antonius maarufu wa Kleopatra, alivyomtetea jemadari mzee Manius Aquillius karibu na mwaka 98 kabla ya Kristo. Antonius alimsimamisha mteja wake mbele ya mahakama, akalichana vazi lake na kuwaonyesha mahakimu makovu ya kifuani. Katika simulizi hiyo Antonius anasema hakulifanya hilo kwa kanuni za ufundi, bali kwa uchungu mkubwa uliokuwa umemjaa. Mimi namwamini. Naamini vilevile kwamba alijua fika makovu yale yangefanya kazi gani mbele ya mahakimu. Mambo hayo mawili yalikaa katika kifua kimoja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo swali la "ni kweli au ni maigizo" linapoishiwa nguvu.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild alilipa jambo hili msamiati mzuri mwaka 1983, baada ya kuchunguza kazi ya wahudumu wa ndege. Alitofautisha kuigiza kwa juujuu, ambako mtu hupanga uso wake tu huku ndani hakuna kitu, na kuigiza kwa kina, ambako mtu hufanya bidii kubadili anachohisi hasa, kwa kukumbuka, kwa kuwaza, kwa kujiweka mahali pa mwingine. Mgombea anayekubali kukirudia kiatu cha mdogo wake mbele ya umati yuko katika aina ya pili. Kumweka kundi moja na mtu anayejifuta jicho kavu kwa leso ni kukosa kupambanua, na mwandishi wa habari analipwa ili apambanue.

Sisemi kwamba wanaojifanya hawapo. Wapo, na nimekaa nao meza moja. Tena hata hisia iliyoanza ikiwa ya kweli huchakaa kwa kurudiwa: hadithi iliyomliza msemaji katika mkutano wa tatu huwa maneno matupu katika mkutano wa arobaini, na hapo ndipo kishawishi huingia, kwa sababu umati umeshasikia kwamba "mahali pale hulia" na unasubiri. Ushauri wangu kwa wagombea haujabadilika, na wasimamizi wao wa kampeni hawaupendi: hadithi ikikauka, iondolewe kwenye hotuba siku hiyohiyo, hata kama makofi yake ni makubwa kuliko ya ahadi zote. Anayeendelea nayo ataanza kuisaidia kwa uso, na kuanzia hapo amehamia katika aina ya kwanza bila kutangaziwa.

Kuna na uchovu, ambao watu wa nje hawauweki kwenye hesabu. Mgombea aliye mwishoni mwa kampeni ni mtu aliyelala saa nne au tano kila usiku kwa majuma kadhaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu waliokaa macho takriban saa 35 walionyeshwa picha za kusikitisha, na sehemu ya ubongo inayoshughulikia hisia, iitwayo amigdala, iliitikia kwa nguvu iliyozidi ya waliolala kwa zaidi ya asilimia 60. Tarehe 7 Januari 2008, katika mkahawa mmoja wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire, Marekani, mpiga kura alimuuliza Hillary Clinton, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama chake kugombea urais, anawezaje kuhimili mambo yote yale, na alipokuwa akijibu sauti yake ikatetemeka na machozi yakamlengalenga. Mjadala wa siku zilizofuata ulikuwa kama machozi yale yalikuwa ya kweli. Wachache walijiuliza ni nini hutokea kwa mtu aliyechoka akiulizwa kwa upole anaendeleaje, ingawa karibu kila msomaji ameshayapata hayo yeye mwenyewe.

"Nipe picha ya karibu ya uso, nitakwambia"

Hapana, hutaniambia. Nami sitakwambia, na mtaalamu anayeitwa studio kuusoma uso wa mgombea hatakwambia, ingawa atazungumza kwa dakika kumi. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio ambayo zaidi ya watu 24,000 walitakiwa kutofautisha mkweli na mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza. Kwa wastani walipatia kwa asilimia 54, na anayerusha sarafu hupatia 50. Waliofanya kazi zinazohitaji kumtambua mwongo, kama askari, hawakuwa bora kuliko wengine. Marekani iliwahi kuwaweka viwanjani mwa ndege maofisa waliofundishwa kuwatambua watu wenye nia mbaya kwa mienendo yao. Programu hiyo ilikuwa imekula takriban dola milioni 900 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo iliposema, mwaka 2013, kwamba ushahidi uliopo hauthibitishi kuwa mbinu hiyo inafanya kazi.

Hoja inayorudiwa sana ni ya tabasamu. Daktari Mfaransa Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba misuli inayozunguka macho hukunjika kwa furaha ya kweli tu na haitii amri, na mpaka leo watu hukuza picha za wagombea kutafuta mikunjo hiyo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba watu wengi wanaweza kuikaza misuli hiyo wakitaka. Kuna pia kosa ambalo mwanasaikolojia Paul Ekman aliliita kosa la Othello, kwa jina la mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, yaani kuona dalili za mfadhaiko na kuamua kwamba ni dalili za uongo. Anayesema kweli lakini anaogopa kutosadikiwa hufadhaika vilevile, na sijui mtu aliye katika hali hiyo mara nyingi kuliko mgombea anayezungumza juu ya marehemu wake mbele ya kamera.

"Machozi humwangusha mgombea"

Mfano unaotolewa ni Edmund Muskie, aliyekuwa akiwania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, aliyesimama kwenye theluji nje ya ofisi za gazeti huko Manchester, New Hampshire, Februari 1972, akimtetea mkewe aliyekuwa ameshambuliwa na gazeti hilo. Wanahabari waliandika kwamba alilia. Yeye alisema ilikuwa theluji iliyoyeyuka usoni. Wanaousimulia mkasa huo husahau kwamba Muskie alishinda kura ya mchujo ya chama chake katika jimbo hilo, kwa takriban asilimia 46, ila ushindi ulikuwa mdogo kuliko ulivyotarajiwa. Na Clinton, siku moja baada ya mkahawa ule, alishinda katika jimbo hilohilo. Machozi yenyewe hayana upande. Uzito wake hutokana na yale ambayo watu walikuwa wameshayaamini juu ya mhusika.

"Asiyeonyesha hisia hana huruma"

Katika mdahalo wa tarehe 13 Oktoba 1988, Michael Dukakis, mgombea urais wa Marekani, aliulizwa kama angeunga mkono adhabu ya kifo kwa mtu ambaye angembaka na kumuua mkewe. Alijibu kwa utulivu kwamba hapana, amekuwa akiipinga adhabu hiyo maisha yake yote, kisha akaeleza sababu. Alihukumiwa kuwa mtu asiye na moyo, kwa jibu la kweli lililolingana na msimamo wake wa siku zote. Kama angepandisha sauti, wale wale wangesema anaigiza. Ninawaomba wanafunzi wangu wautazame mdahalo ule mara mbili, mara ya pili bila sauti, na waniambie ni wapi hasa waliuona ukatili. Bado hajatokea aliyepaonyesha.

"Video haidanganyi"

Tarehe 19 Januari 2004 Howard Dean, aliyekuwa akiwania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, akiwa ameshashika nafasi ya tatu katika mchujo wa jimbo la Iowa, aliwapigia kelele wafuasi wake kuwatia moyo, na kipande hicho cha sekunde chache kikamwonyesha kama mtu aliyerukwa na akili. Maikrofoni aliyokuwa ameishika ilichuja kelele za ukumbi, kwa hiyo runinga ilipata sauti yake peke yake, bila zile za mamia ya watu waliokuwa wakipaza sauti pamoja naye. Hilo latosha.

"Akiwa analia kwa dhati, atatusaidia"

Hii ni dhana ya wapiga kura wema, na siwezi kuikasirikia kama ya kwanza, lakini ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Hudhani kwamba swali la dhati likishajibiwa, swali la uongozi nalo limejibiwa. Mtu anaweza kuguswa kikweli na mama mmoja aliyefiwa, akamshika mkono, akalia naye, kisha miezi sita baadaye akapitisha bajeti inayoifunga zahanati ya mama huyohuyo, bila hata kuhisi kwamba amejipinga, kwa sababu huruma ile ilikuwa ya mtu mmoja aliyekuwa mbele ya macho yake, na bajeti ni tarakimu. Nimewaona wa namna hiyo, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Ndiyo maana nikiulizwa na mwandishi aulize nini baada ya mgombea kujifuta machozi, humwambia amuulize kitu ambacho mgombea huyo amekipigia kura kuhusu jambo lililomliza, lini, na kwa kiasi gani cha fedha. Akipata jibu, suala la machozi litakuwa limejipunguza lenyewe katika habari yake.

Na yule Manius Aquillius, ambaye Antonius alilichana vazi lake kwa uchungu ambao mimi nauamini, alikuwa ameshtakiwa kwa kujitajirisha alipokuwa akiitawala Sicilia. Cicero, katika hotuba nyingine, alisema kwamba mashtaka mengi ya tamaa ya mali na maneno ya mashahidi yalikuwa yamethibitisha hatia yake. Mahakimu walimwachilia huru.