"Walked" ni silabi moja

Wiki jana mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Kisumu aliniletea daftari. "Mwalimu, 'walked' ina silabi mbili: wal-ked." Nilimwomba afunge daftari, kisha anisimulie alivyokuja shule asubuhi. "I walked," akasema, kwa silabi moja safi. Sikio lake lilikuwa linajua. Macho ndiyo yaliyomponza.

Sisi tuliokulia katika Kiswahili tumezoea kwamba kila irabu iliyoandikwa hutamkwa na hubeba silabi. Ndiyo maana mizani 16 za mshororo wa shairi unaweza kuzihesabu kimyakimya kwa kutazama tu. Kiingereza hakiendi hivyo. "Strengths" lina herufi 9 na silabi moja. Ulimi wetu hupenda kuchomeka irabu katikati ya konsonanti kama hizo, jinsi "club" lilivyogeuka kuwa kilabu. Katika kukopa maneno huo ni ustadi, lakini ukisoma Kiingereza chenyewe unajikuta na silabi ambazo hazipo.

Kwa hiyo "-ed" naifundisha mapema. Mwishoni mwa kitenzi, huongeza silabi pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia kwa sauti ya t au d: "wanted" mbili, "needed" mbili. "Played", "washed" na "helped" hubaki moja moja.

Walimu wengi husema uweke kiganja chini ya kidevu uhesabu kinavyoshuka. Ni njia nzuri, lakini jaribu "bottle". Kidevu kinashuka mara moja, na silabi ni mbili. Ile l ya mwisho imebeba silabi bila irabu. Wanafunzi hushangaa, hadi niwaandikie "mtu" ubaoni: m-tu, silabi mbili, na m haina irabu yoyote. Tena mkazo wenyewe umeikalia hiyo m! Jambo hili tunalo nyumbani tangu utotoni.

Mkazo ndio unaonihangaisha zaidi. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamishia Kiingereza bila kujua. Hapo "comfortable" linakuwa kom-fo-TE-bol, silabi nne. Waingereza wengi husema KAMF-ta-bol, tatu, kwa sababu irabu iliyokosa mkazo hufifia au humezwa kabisa. "Vegetable" nalo ni hivyo hivyo. Tafuta mkazo kwanza, ndipo uhesabu.

Wanafunzi wangu wa Kijaluo wakisema "fis" badala ya "fish", wenzao hucheka, nami nakataza kicheko hicho darasani. Dholuo haina sauti ya sh, na silabi bado ni moja. Mkazo ukihama ndipo msikilizaji hupotea.

Na mkazo wa Kiingereza huhama kweli. "Photograph" lina mkazo mwanzoni, "photographer" kwenye silabi ya pili, "photographic" kwenye ya tatu. Tamka "andika", halafu "andikia": a-NDI-ka, a-ndi-KI-a. Kwetu pia kiambishi kinauvuta mkazo. Tofauti ni kwamba kwa Kiingereza inabidi ujue ni kiambishi kipi. Mimi huanza na "-ic" na "-tion", kwa kuwa vyote viwili huweka mkazo kwenye silabi inayotangulia: "economic" kwenye "nom", "information" kwenye "ma". Yule wa "walked" sasa ana ukurasa mzima wa maneno ya "-tion", na anayasoma kwa sauti akiwa amefumba macho.