Vijana, kijiwe na polisi: yanayosemwa kuhusu sheria ya kero za mitaani Uingereza

Mtoto akirudi nyumbani na karatasi ya polisi mkononi, mzazi aliyehamia Uingereza kutoka Tanga au Mombasa huuliza kwanza: kesi ni lini? Mara nyingi kesi hakuna. Karatasi hiyo, yaani agizo la kuondoka mahali fulani, inatokana na sheria ya mwaka 2014 kuhusu tabia za kero, uhalifu na kazi za polisi, inayotumika England na Wales. Ilifuta mamlaka 19 ya awali, zikiwemo zile amri za ASBO (amri za mahakama za kumkataza mtu kufanya kero) zilizoanzishwa kwa sheria ya 1998, ikaweka 6 mahali pake. Scotland ina sheria yake ya 2004, kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko Glasgow usiuchukue mzimamzima.

"Polisi anaweza kumfukuza yeyote, popote, muda wowote."

Hapana. Lazima kwanza ofisa wa cheo cha inspekta au zaidi aidhinishe kwa maandishi, ataje eneo, na muda usizidi saa 48. (Muswada uliopelekwa Bungeni Februari 2025 ulipendekeza ziwe 72.) Idhini ikishatoka, konstebo aliyevaa sare anaweza kumwambia mtu aondoke na asirudi kwa muda huo. Hawezi kumzuia mtu kurudi anakoishi, kwenda kazini, shuleni au kwenye matibabu. Walio kwenye mgomo halali mbele ya kazi yao nao hawaguswi.

Agizo linatakiwa liwe la maandishi, isipokuwa pale mazingira yasiporuhusu, na litaje eneo unaloambiwa uondoke. Konstebo anatakiwa pia akueleze kwamba kukaidi bila sababu ya msingi ni kosa. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 3 au faini ya pauni 2,500. Aliye chini ya miaka 16 anaweza kurudishwa nyumbani au kupelekwa mahali salama.

Ila tusijidanganye kwamba kijana lazima awe ameshafanya fujo. Inatosha konstebo awe na sababu za msingi za kushuku kwamba mwenendo wake umechangia, au huenda ukachangia, watu kusumbuliwa, kuingiwa na hofu au kutokea uhalifu pale mahali. Hilo "huenda" ni pana mno kwa maoni yangu, na ndilo linalowakuta vijana wanaopiga soga kwa sauti nje ya duka la chipsi. Kukaa kijiweni peke yake si kosa.

"Sina wajibu wa kumtajia polisi jina langu."

Kwa kawaida ni kweli, na vijana wanaijua haki hiyo vizuri. Wasichokijua ni kifungu cha 50 cha sheria ya polisi ya 2002: konstebo akiwa na sababu ya kuamini kwamba umefanya au unafanya kero, anaweza kukudai jina na anwani. Kukataa, au kutaja jina la uongo, ni kosa la jinai.

"Zuio la mahakama ni mambo ya madai, halimfungi mtu."

Nusu ya kwanza ni sahihi. Zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza mtu kuendelea na kero, linaweza kuombwa na polisi, halmashauri au mwenye nyumba za kijamii, dhidi ya mtu wa kuanzia miaka 10, na haliandikwi kama hatia. Jirani anayeogopa kufika mahakamani, maneno yake yanaweza kuletwa na ofisa. Lakini ukilivunja umeidharau mahakama, na mtu mzima anaweza kufungwa hadi miaka 2. Kuna amri nyingine, inayotolewa baada ya mtu kutiwa hatiani, nayo ni nzito zaidi: kuivunja ni hadi miaka 5.

"Polisi hawana muda na ugomvi wa majirani."

Dhana hii imegharimu maisha. Oktoba 2007, huko Leicestershire, Fiona Pilkington alijiua pamoja na binti yake Francecca, aliyekuwa na ulemavu, baada ya miaka mingi ya kusumbuliwa na vijana wa mtaani. Alikuwa amewasiliana na polisi mara 33. Mwaka 2009 jopo la raia (jury) lililochunguza vifo hivyo lilisema uzembe wa polisi na halmashauri ulichangia.

Sheria ya 2014 ikampa mlalamikaji haki ya kudai shauri lake lipitiwe upya, na polisi, halmashauri na taasisi nyingine husika zieleze zilichofanya. Kila eneo hujiwekea kiwango chake cha kukubali ombi hilo, lakini halitakiwi kudai zaidi ya malalamiko matatu ndani ya miezi sita. Tukio liripotiwe ndani ya mwezi mmoja, la sivyo huenda lisihesabiwe, kwa hiyo andika tarehe na uombe namba ya kumbukumbu kila unapopiga simu. Ombi linaweza pia kupelekwa kwa niaba yako na mtu mwingine, kwa mfano ndugu au diwani, ukiridhia.