Kikomo cha Lyth ni nini?

Nadharia ya mfumuko wa ulimwengu, aliyoichapisha Alan Guth mwaka 1981, inasema kwamba ndani ya kipande kidogo mno cha sekunde ya kwanza anga lilitanuka ghafla, yapata mara 10²⁶ au zaidi. Katika modeli za kawaida, kinachousukuma mfumuko ni uga uitwao inflatoni, unaoteremka polepole kwenye mteremko wa nishati yake. Mteremko ukiwa mkali, mfumuko hukatika mapema. Uga ukinasa njiani, mfumuko haukomi, na huo ndio ugonjwa ulioiua modeli ya kwanza ya Guth mwenyewe.

Kubuni mteremko unaofaa si kazi ngumu. Modeli zimejaa tele. Kazi ni kuzibana. Mwaka 1997 David Lyth, wa Chuo Kikuu cha Lancaster, alionyesha kwamba umbali uliosafiriwa na uga, yaani kiasi ambacho thamani yake ilibadilika, umefungamana na uwiano r, yaani nguvu ya mawimbi ya mvutano ya wakati ule ikigawanywa kwa nguvu ya mitetemo ya msongamano iliyozaa galaksi. Thamani ya r hueleza uga ulisogea kiasi gani katika kila hatua ya upanuzi, yaani kila anga lilipotanuka yapata mara 2.7. Jumlisha hatua zote, kama 60 hivi, unapata safari nzima. Kwa uga mmoja unaoteremka polepole, r ikifika 0.01, safari hiyo inakaribia au kupita kipimo cha Planck, yaani kiwango ambapo athari za kikwantamu za mvutano haziwezi tena kupuuzwa. Hicho ndicho kikomo cha Lyth.

Hapo wananadharia huanza kukuna vichwa. Uga ukivuka kipimo hicho, masahihisho ya mvutano wa kikwantamu, ambayo kwa safari fupi yangepuuzwa, yanaweza kuuharibu ule mteremko wa taratibu. Anayetaka r kubwa basi lazima aeleze nini kinaulinda, kwa kawaida ulinganifu fulani katika milinganyo. Kuchora mchoro mzuri hakutoshi.

Wengi hukisoma kikomo hiki kinyumenyume. Hakisemi kwamba r ndogo ni safari fupi: modeli ya Starobinsky, mojawapo ya modeli za mfumuko, hutoa r ya 0.003 au 0.004 tu, ilhali uga wake hupita kipimo cha Planck mara kadhaa.

Darubini za BICEP na Keck, zilizoko Ncha ya Kusini, zilionyesha mwaka 2021 kwamba r iko chini ya 0.036. Mteremko rahisi kuliko yote, ule wa nishati inayokua kwa mraba wa uga, ulihitaji takriban 0.13, kwa hiyo umeondolewa. Kati ya 0.036 na 0.01 bado kuna nafasi, na ndiyo inayowindwa sasa.