Simu ya video inakatakata? Usikimbilie kulaumu bando

Dhana: YouTube inacheza vizuri, basi mtandao wangu hauna shida.

Ukweli: YouTube hupakua sekunde nyingi za mbele kabla hujazifikia, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo huwezi kujua. Simu ya video haina akiba hiyo, maana neno halipo mpaka ulitamke. Ndiyo sababu ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana hapo, mnaanza kuingiliana: wote mnaongea, kisha wote mnanyamaza. Kuongeza bando hakuondoi ucheleweshaji huo.

Spidi yenyewe inayohitajika si kubwa. Kwa Zoom ya watu wawili, kilobiti 600 hivi kwa sekunde, kwenda na kurudi, zinatosha kwa picha nzuri. Shida huwa kwenye kupandisha, yaani kutuma data kutoka kwako, njia ambayo kwa miunganisho mingi ya nyumbani ni nyembamba kuliko ya kupakua. Simu ya mtu mwingine hapo nyumbani ikianza kupandisha picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, sauti yako inakaa foleni nyuma yake. Simamisha kwanza upandishaji huo, ndipo ufikirie kununua kifurushi kingine.

Dhana: nasikia sauti yangu ikinirudia, maikrofoni yangu imeharibika.

Ukweli: karibu kila mara chanzo kiko kwa mwenzako. Sauti yako inatoka kwenye spika zake, inaingia kwenye maikrofoni yake, inakurudia. Inaniuma kuona mtu akitoa hela kununua maikrofoni mpya wakati dawa ni kumwomba mwenzake avae earphone au apunguze spika. Mkiwa wengi, zimeni maikrofoni mmoja mmoja; mwangwi ukikatika, mwenye tatizo ni huyo aliyezima mwisho.

Dhana: picha ikiganda, ni mtandao tu.

Ukweli: kompyuta nayo huchoka. Kubana picha yako na kufungua za wengine ni kazi nzito, na kuficha mandhari ya nyuma kunaiongezea mzigo. Feni ikivuma na laptopu ikapata moto, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hupunguza kasi ili isiungue. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inaimaliza nguvu kompyuta. Usiiweke laptopu juu ya mto au kitanda.

Dhana: hedifoni za Bluetooth za bei kali lazima zitoe sauti safi.

Ukweli: nyingi, maikrofoni yake ikianza kutumika, huhamia hali ya simu na sauti inafifia hapo hapo. Endelea kuzisikilizia, lakini kwenye mipangilio chagua maikrofoni ya laptopu.

Na kamera ikionyesha giza, usiipeleke kwa fundi kabla ya kutazama kifuniko chake, programu nyingine inayoishikilia, na ruhusa ya kamera kwenye mipangilio ya faragha ya Windows.