Pigo la kwanza la Babe Ruth halikupigwa akiwa na Yankees

Wengi wanaolijua jina la Babe Ruth hudhani kwamba alianza kuvuma akiwa mpigaji wa New York Yankees, ilhali pigo lake la kwanza la kuzunguka vituo vyote katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani aliwapiga Yankees wenyewe, tarehe 6 Mei 1915, msimu ukiwa bado mchanga. Wakati huo alikuwa mrushaji wa Boston Red Sox, na kazi yake hasa ilikuwa kuwazuia wapigaji wa upande wa pili.

Katika awamu ya tatu, uwanjani Polo Grounds, aliupiga mpira wa Jack Warhop, mrushaji wa Yankees, ukatua kwenye jukwaa la juu la upande wa kulia. Jambo linalosahaulika, na kwangu ndilo tamu zaidi, ni kwamba siku hiyo alishindwa: alirusha mchezo mzima hadi awamu ya 13, Yankees wakashinda 4-3.

Makubaliano ya kumuuza kwa Yankees yalifikiwa mwishoni mwa 1919, na huko ndiko alikopiga 659 kati ya mapigo yake 714 ya kuzunguka vituo vyote.